Carl Linnaeus, Mtu Aliyeipa Mimea Anwani

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi wazee wetu mliomaliza shule hii zamani, nataka kuwasimulia habari za mtu aliyekufa mwaka 1778. Lakini kwanza sina budi kueleza jinsi nilivyokutana naye, maana sikukutana naye katika somo.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kusafisha makabati ya chumba cha biolojia. Chini kabisa, nyuma ya darubini mbovu, nikakuta sanduku la mbao, na ndani yake karatasi nene 43 za kahawia. Kila karatasi ilishikilia mmea mmoja uliokaushwa na kubanwa. Aliyefanya kazi ile alikuwa mtu wa subira sana. Majani yamenyooshwa, ua moja limegeuzwa ili ndani yake paonekane, mizizi imeoshwa udongo wote. Pembeni pa kila karatasi pana namba kwa penseli, kuanzia 1 mpaka 43. Basi. Hakuna jina, hakuna mahali, hakuna tarehe. Bila shaka palikuwa na daftari la kuzieleza namba zile, lakini nililitafuta siku tatu, mpaka chini ya sakafu ya stoo, nisilipate.

Mtaalamu mmoja wa mimea aliyepita hapa shuleni alizitazama karatasi zile, akamsifu aliyezitengeneza, akataja majina ya mimea kumi na mitano hivi. Kisha akatuambia kwa upole kwamba kwa kazi ya elimu hazina faida kubwa, kwa kuwa mmea usiojulikana ulichumwa wapi, lini na nani, ni jani kavu tu. Neno lile liliniuma kana kwamba kazi ile ilikuwa yangu mwenyewe.

Mwalimu wetu alipoona nimehuzunika alinipa kitabu kikubwa cha majina ya mimea, nijaribu bahati yangu. Nikaanza na mimea ninayoijua. Nyuma ya jina la Kilatini la mahindi, Zea mays, nikaona herufi moja, L, na nukta. Nikatazama kahawa, Coffea arabica, na nyuma yake L. Mafunjo ya kinamasi, L. Mbuyu, L. Nilidhani ni kosa la mpiga chapa. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, akanieleza kwamba L ni mtu, na kwamba herufi ile peke yake inatosha kumpeleka msomaji mpaka kwenye kitabu na ukurasa. Hapo ndipo nilipotaka kumjua mtu huyo.

Carl Linnaeus alizaliwa mwezi wa Mei mwaka 1707 huko Råshult, kijiji cha kusini mwa nchi ya Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kilutheri, mtu wa mapato madogo lakini mpenda bustani. Hata jina la ukoo wao lilitokana na mti mkubwa uliosimama karibu na nyumbani kwa jamaa zake. Mtoto alimfuata baba yake bustanini akiuliza jina la kila mmea, kisha, kama watoto wote, akasahau na kuuliza tena. Baba akachoka. Akamwonya kwamba hatamtajia jina jipya hata moja mpaka akumbuke yale ya zamani. Linnaeus mwenyewe aliisimulia habari hiyo baadaye.

Shuleni hakung'aa. Wazazi walitaka awe mchungaji, lakini walimu walisema kijana huyu hafai kwa vitabu vya dini, na baba yake akaanza kufikiri ampeleke kujifunza kazi ya mikono. Aliyemwokoa ni Johan Rothman, daktari aliyekuwa akifundisha katika shule ile, ambaye aliwashauri wazazi wamwache mtoto asome udaktari, maana siku hizo mimea na udaktari vilikwenda pamoja. Wenzangu wa kidato cha nne mnaongoja matokeo, kumbukeni kwamba mtu huyu naye aliwahi kuambiwa hafai.

Mwaka 1727 aliingia chuo cha Lund, na mwaka uliofuata akahamia Uppsala. Alikuwa maskini kiasi cha kutia karatasi ndani ya viatu vilivyotoboka. Huko Uppsala alipata rafiki, Peter Artedi, aliyemzidi kwa miaka miwili. Wakagawana viumbe vya dunia kama ndugu wagawanavyo shamba. Artedi alichukua samaki hasa, na Linnaeus akachukua mimea, wadudu na ndege. Wakaahidiana kwamba mmoja akitangulia kufa, atakayebaki ataitunza kazi ya mwenziwe.

Ahadi za vijana ni nyingi, lakini hii ilidaiwa upesi. Mwaka 1735 wote wawili walikuwa Uholanzi. Linnaeus alikuwa amepata shahada yake ya udaktari katika mji wa Harderwijk, na alikuwa amemtafutia Artedi kazi Amsterdam kwa tajiri mmoja, Albertus Seba, mwenye mkusanyo mkubwa wa viumbe. Usiku mmoja wa Septemba Artedi alitoka nyumbani kwa Seba, akatumbukia katika mfereji wa mji, akafa maji. Umri wake ulikuwa miaka 30. Kazi yake yote juu ya samaki ilikuwa chumbani kwake, imeandikwa kwa mkono, haijapigwa chapa hata ukurasa mmoja, na mwenye nyumba akaishika kwa sababu marehemu alikuwa na deni. Linnaeus hakuwa na fedha. Alikwenda kumwomba George Clifford, tajiri aliyekuwa akimwajiri katika bustani yake, naye akalipa. Kisha Linnaeus akakaa akaipanga kazi ya rafiki yake, na mwaka 1738 ikatoka Leiden kwa jina la Artedi, si kwa jina lake. Hata leo wataalamu wa samaki humtaja Artedi kama baba wa elimu yao. Bila deni lile kulipwa, pengine karatasi zake zingefungiwa siagi sokoni.

Mimi naona kifo kile kilimfundisha Linnaeus jambo ambalo hakulisahau. Hilo ni wazo langu, silitoi kitabuni.

Katika mwaka uleule wa 1735 alitoa kitabu chake cha kwanza cha kupanga viumbe vyote, Systema Naturae. Kilikuwa na kurasa kubwa zisizozidi kumi na mbili, lakini kila alipopata habari mpya alikitoa tena, kikanenepa toleo baada ya toleo. Alirudi kwao mwaka 1738, akafanya kazi ya udaktari Stockholm, akamwoa Sara Elisabeth Moraea mwaka 1739, na mwaka 1741 akawa profesa wa Uppsala. Mambo ya heshima alizopewa na mfalme nayapita, maana yeye mwenyewe aliyaandika ya kutosha. Aliandika habari za maisha yake zaidi ya mara moja, na kila mara alijisifu bila haya.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yenyewe, yaani taabu ya majina. Kabla yake wataalamu waliiita mimea kwa sentensi nzima ya Kilatini. Nyanya, kwa mfano, iliitwa kwa maneno yenye maana kwamba ni mmea wa jamii fulani, wenye shina laini lisilo na miiba, na majani yaliyopangwa kama unyoya na kukatwakatwa kingoni. Ukigunduliwa mmea mwingine wa namna hiyo, ilibidi sentensi irefushwe ili kuitenga miwili hiyo. Isitoshe, mtaalamu wa Paris alikuwa na sentensi yake, wa London yake, wa Leiden yake. Mtu akiandika kwamba mmea fulani unaponya homa, msomaji wa nchi nyingine hakuwa na njia ya kujua ni mmea gani. Habari ilikuwapo, imepigwa chapa, imenunuliwa kwa fedha, na bado ilikuwa imepotea.

Dawa ya taabu hiyo ilianza kwa ng'ombe. Linnaeus alitaka kujua mifugo ya Uswidi inakula mimea gani na kukataa ipi, akawatuma wanafunzi wake malishoni kuchunguza ng'ombe, mbuzi, kondoo, farasi na nguruwe. Jaribuni kuwaza mwanafunzi aliyesimama nyuma ya mbuzi, daftari mkononi, akitakiwa kuandika sentensi ya maneno kumi kwa kila jani ambalo mbuzi amelionja. Mbuzi hangojei. Kwa hiyo wakatumia jina fupi, neno moja la ukoo na neno moja la mmea wenyewe, kama sisi tunavyomwita mtu kwa jina lake na la baba yake. Matokeo ya kazi ile yalitoka mwaka 1749, na mamia ya mimea yaliitwa humo kwa majina mafupi.

Miaka minne baadaye, mwaka 1753, ikatoka kazi yake kubwa, Species Plantarum, mabuku mawili yenye aina karibu 6,000 za mimea. Watu wengi hudhani ukuu wa kitabu hicho ni yale majina ya maneno mawili tu. Mimi nilidhani hivyo hivyo mpaka mwalimu aliponionyesha picha ya ukurasa mmoja. Nilichagua kahawa, kwa sababu nyumbani kwetu tunailima. Iko ukurasa wa 172. Pana jina la ukoo, na pembeni jina fupi. Pana sentensi ya zamani, kwa kuwa hakuifuta. Chini yake pana majina ambayo wengine waliupa mmea huohuo, na kila jina limefuatwa na ufupisho wa mwandishi wake, kitabu chake, na namba ya ukurasa. Mwisho pana mahali mmea unapomea. Kwa hiyo mtu aliyeshika kitabu kimoja ameshika ufunguo wa maktaba nzima. Akitaka kuhakikisha, aende kwenye ukurasa uliotajwa, atazame kwa macho yake.

Na akihakikisha, anaweza kumkuta Linnaeus amekosea. Aliandika kwamba kahawa humea Arabuni, ndiyo sababu inaitwa arabica mpaka leo, ingawa sasa tunajua kwamba kwao hasa ni milima ya Ethiopia. Waarabu wa Yemeni waliilima na kuiuza, na wataalamu wa Ulaya waliiandika kwa jina la muuzaji. Wakulima wa miteremko ya Mlima Elgon wanaweza kucheka. Lakini angalieni, kosa hilo linaonekana kwa sababu aliweka wazi habari ameitoa wapi. Mtu asiyetaja alikotoa habari hakosolewi, wala haaminiki.

Alikuwa na werevu wa namna hiyohiyo katika kutunza vitu. Wataalamu wengi wa wakati wake walibandika mimea mikavu katika vitabu vilivyoshonwa, kwa hiyo mmea mpya ukipatikana haukuwa na pa kuingia. Yeye aliweka mmea mmoja katika karatasi moja, bila kushona, ndani ya kabati lenye rafu zilizopangwa kwa utaratibu wa kitabu chake. Karatasi mpya ilichomekwa mahali pake, na ya zamani iliweza kuhamishwa. Katika uzee wake alifanya hivyohivyo kwa habari zenyewe. Aliandika kila aina katika kipande kimoja kidogo cha karatasi, ukubwa wa kiganja, akavipanga na kuvipangua kama karata. Zaidi ya elfu moja vimehifadhiwa London. Wasimamizi wa maktaba waliotumia masanduku ya kadi walikuwa wakifuata njia ileile.

Wanafunzi wake aliwatuma mbali, na wengi hawakurudi. Fredrik Hasselquist alikufa mwaka 1752 karibu na Smyrna, baada ya kusafiri Misri na Palestina, na wadai wakazuia makusanyo yake, hadithi ileile ya Artedi. Safari hii aliyelipa ni malkia wa Uswidi, na Linnaeus akaipiga chapa kazi ya marehemu mwaka 1757. Peter Forsskål alikufa Yemeni mwaka 1763, na maandishi yake yakatolewa na mwenzake Carsten Niebuhr, aliyebaki peke yake katika msafara ule. Lakini Daniel Rolander, aliyerudi mzima kutoka Suriname mwaka 1756, aligombana na mwalimu wake, akaficha alichonacho. Alikufa maskini mwaka 1793. Maandishi yake ya safari yalikaa bila kupigwa chapa zaidi ya miaka 200, mpaka yalipotolewa mwaka 2008. Basi wale waliokufa njiani walisomwa, na aliyerudi mzima hakusomwa.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulifunika, kwa kuwa ningekuwa mwongo. Katika toleo la kumi la Systema Naturae, la mwaka 1758, ambalo ndilo mwanzo wa majina ya wanyama, Linnaeus aliwagawa wanadamu mafungu manne kwa mabara, akaeleza rangi na tabia za kila fungu. Waafrika aliwaweka wa mwisho, akawaita wajanja, wavivu na wazembe. Hakuwahi kukanyaga Afrika hata siku moja. Nilipoyasoma hayo nilifunga kitabu, nikakaa wiki mbili bila kutaka kuendelea na makala hii. Rafiki yangu mmoja alinishauri niandike habari za mtu mwingine. Nikafikiri, nikaona heri niendelee. Maneno yale yako ukurasa wa 22, na yeyote anayedai kwamba hayakuandikwa anaweza kuonyeshwa. Kanuni yake ya kutaja mwandishi, mwaka na ukurasa imemshika yeye mwenyewe, wala hana njia ya kutoroka.

Mwaka 1774 alipatwa na kiharusi, na baadaye kingine kikamtoa nguvu na kumbukumbu. Yule aliyeyapa majina maelfu ya viumbe husemwa kwamba mwishoni alisahau hata jina lake, na akisomewa vitabu vyake alivisifu kama kazi ya mtu mwingine. Alikufa tarehe 10 Januari 1778, akazikwa katika kanisa kuu la Uppsala.

Mwanawe aliyerithi makusanyo alikufa mwaka 1783, na mjane, mwenye mabinti wa kuwatunza, akayauza yote mwaka uliofuata kwa kijana Mwingereza wa miaka 24, James Edward Smith, kwa gini 1,000. Zilikuwamo karatasi za mimea zipatazo 14,000, maelfu ya wadudu na kombe, barua na vitabu. Wapo Waswidi waliolia kwamba urithi wao umekwenda ugenini. Smith alianzisha chama mwaka 1788 kikaitwa kwa jina la Linnaeus, na chama hicho ndicho kinachoyatunza makusanyo hayo London hadi leo. Picha zake zimewekwa katika intaneti bila malipo. Mimi mwenyewe, katika kompyuta ya shule inayozimika kila dakika kumi, nimetazama mimea aliyoibandika yeye.

Kisa cha tembo nimekiweka mwisho kwa makusudi. Linnaeus alimpa tembo jina moja tu, Elephas maximus, bila kutenga tembo wa Asia na wa Afrika. Baadaye walipotengwa, jina hilo likabaki kwa tembo wa Asia. Kwa muda mrefu kielelezo chake kilihesabiwa kuwa kitoto cha tembo ambacho hakijazaliwa, kilichotiwa katika chupa ya spiriti na kuhifadhiwa Stockholm, nacho kilitoka katika mkusanyo wa yule Seba wa Amsterdam. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza kwamba wamekipima, wakakuta ni tembo wa Afrika! Ingekuwa fujo kubwa, maana jina hufuata kielelezo. Lakini chini ya jina la tembo Linnaeus alikuwa ametaja kitabu cha Mwingereza John Ray, na Ray alikuwa ameeleza humo mifupa ya tembo aliyoiona Florence, Italia, mwaka 1664. Wataalamu wakafuata njia hiyo kutoka ukurasa hadi ukurasa, wakafika Florence, na mifupa wakaikuta ingali imesimama katika makumbusho. Ni tembo wa Asia. Ikafanywa kielelezo, na jina halikuhama. Mstari mmoja wa wino, ulioandikwa miaka 255 kabla, uliwaongoza mpaka kwenye mnyama mwenyewe.

Sasa narudi kwenye sanduku letu. Nimeyaandikia karatasi zote 43 vibandiko vipya. Ile mimea kumi na mitano ina majina, mengine pana nafasi tupu. Kila kibandiko kinasema sanduku lilikutwa wapi na nani. Lakini mstari wa mahali ulipochumwa mmea, na mstari wa tarehe, nimeuacha wazi, maana siwezi kubuni. Pamoja na wenzangu wawili nimeanza mkusanyo mpya wa mimea ya kilima chetu na ya kinamasi cha chini, na habari za kila mmea tunaziandika juu ya karatasi yake yenyewe, mbali na zile za daftarini.

Wazee wetu, mmoja wenu ndiye aliyekausha mimea ile, au aliketi dawati moja na aliyeikausha. Labda daftari liko kwenu katika sanduku la bati, chini ya vyeti. Karatasi ya 17 ina ua dogo la zambarau lenye nywele, na yule mtaalamu alilishika muda mrefu asilitambue. Tafadhali, ukikumbuka hata mahali pa karatasi hiyo moja, mwandikie mhariri wa gazeti hili. Nitakuwa hapa mpaka mwisho wa muhula wa tatu, na nikiondoka nitakuwa nimemwonyesha mwingine sanduku lilipo, nalo liko rafu ya pili, upande wa dirisha.